Uji Uliopoa Mlangoni

Anayesema Doha hakuna baridi hajalala Al Wukair mwezi wa Januari, upepo wa kaskazini ukipita kila upenyo wa dirisha. Damaris alikuwa ametoka Nyamira na sweta moja tu, kwa sababu binti yake Kwamboka alimwambia kwa simu kwamba anakuja jangwani, na jangwani ni joto. Hakuja kutalii. Alikuja kumwogesha mjukuu wake mchanga, Shaun, na kumpikia mzazi uji wa wimbi. Unga aliubeba mwenyewe kwenye sanduku.

Nyumba ilikuwa na sebule na chumba kimoja. Damaris alilala sebuleni, na tangu afike hakuwa amekanyaga ndani ya kile chumba. Kwa Wakisii, mama mkwe haingii anapolala mkwewe, na hata kulala chini ya paa la Job alikubali kwa ajili ya mtoto tu. Mtoto alipotakiwa kuoga, Kwamboka alimleta sebuleni. Nguo zilipokauka, Damaris alizikunja akaziacha mlangoni. Kwamboka alimcheka, akasema huku ni ughaibuni. Mama akamjibu kwamba heshima haiachwi uwanja wa ndege.

Kisha kiyoyozi cha chumbani, kile kinachopoza wakati wa joto na kupasha wakati wa baridi, kikaanza kupuliza hewa ya baridi kila kilipowashwa. Job alimwendea mwangalizi wa jengo. Mwangalizi akasema bukra, yaani kesho, na bukra yake ikazaa bukra nyingine, maana kwake mwenyewe palikuwa na joto safi. Job akanunua hita ndogo. Ikayeyusha soketi na kuzima umeme wa nyumba nzima. Asubuhi iliyofuata Job alikwenda kazini Al Rayyan, kwenye lango analolinda, roho ikiwa nyumbani.

Damaris alipomwogesha mtoto siku hiyo alimshika miguu, akakuta ni baridi kabisa. Pua imeziba. Hasira zikampanda, akamlaani mwangalizi kwa Kikisii, kisha akakata shauri. Pale roshani palikuwa na jiko dogo la Job la kuchomea nyama, na nusu gunia la makaa. Aliwalea watoto sita kwa jiko, kwenye baridi ambayo hao wa Doha hawaijui.

Kwamboka alisita, akasema jiko huua watu. Mama alimwambia wanaokufa ni wale wenye haraka, wanaoliingiza likiwa bado linatoa moshi. Yeye alilipepea kule roshani mpaka moshi ukaisha na makaa yakaiva mekundu yote, akalibeba hadi mlangoni, akalitua. Kwamboka akalivuta ndani. Damaris akamwagiza azibe nyufa za dirisha kwa utepe wa gundi na kuweka taulo chini ya mlango, joto lisipotee. Hakukumbuka kwamba nyumba yake ya Nyamira ina nafasi ya kupitisha mkono kati ya ukuta na mabati.

Chumba kikatulia. Mtoto aliyekuwa akilia tangu alfajiri akanyamaza, na Damaris akafurahi, akajiona bado ana kazi duniani. Akapika uji, akaujaza kikombe kikubwa, akabisha. Kimya. Akajisemea wamelala, mzazi anahitaji usingizi. Akaufunika uji, akakaa.

Akabisha tena, mara hii akaita, "Kwamboka." Kimya bado. Mkono ukafika kwenye kitasa, ukarudi. Je, kama binti amelala vibaya, nguo zimemvuka, kwenye kitanda cha mumewe? Akarudi kukaa. Ngozi ilianza kujikunja juu ya uji.

Ndipo simu ya Kwamboka ikaita mle ndani. Ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena, na mtoto hakushtuka wala hakulia. Damaris akaingia.

Hakumbuki alivyowatoa. Anakumbuka kichwa cha binti yake kikigonga kizingiti, majirani Waganda wakikimbia ngazini, na uso wa mtoto uliokuwa mwekundu kama wa mtoto mwenye afya.

Hospitalini Kwamboka alizinduka akitapika, akiuliza mtoto yuko wapi. Shaun alikuwa nyuma ya kioo, kifua kidogo kikipanda na kushuka kwa mashine. Job alifika na sare yake ya kazi. Hakumlaumu mtu. Daktari alieleza kwamba hewa ile ya makaa haina moshi wala harufu. Akauliza waliivuta kwa muda gani, kwani matibabu ya mtoto yanategemea hilo. Job akamgeukia mama mkwe, macho yakitazama chini kama inavyopasa.

"Nimemwambia daktari nilipiga simu mara mbili, ukaingia papo hapo," alisema taratibu. "Ndivyo, Mama?"

Alikuwa amempa mlango wa kutokea, na Damaris aliuona. "Ndiyo" moja tu, na hakuna ambaye angejua.

"Baba Shaun," akasema, "sivyo. Nilibisha kabla ya simu yako. Nikakaa. Nikabisha tena, nikakaa tena. Uji ulikuwa wa moto nilipobisha mara ya kwanza. Nilipoingia ulikuwa umepoa kabisa."

Job, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akamtazama usoni.

"Kwamboka alikuwa amefunga mlango kwa ufunguo?"

"Hapana. Ulikuwa umerudishwa tu."

Job akamgeukia daktari, akaanza kutafsiri. Damaris hajui Kiingereza, lakini alijua Job alipofika kwenye maneno hayo, kwa sababu daktari aliacha kuandika akamtazama yeye.