Marehemu kwa Sekunde Mbili

Mimi sina subira, sitakudanganya. Mtu akinisimamia nikichapa, vidole vinakosea. Kwa hivyo Mwalimu Zachariah alipovuta stuli akaketi kando yangu, kwa duka langu la kuchapa huku Munyaka, nilijua siku imeharibika.

Kitabu cha maisha yake nilimchapia mimi mwaka juzi. Mwaka jana mkewe akafariki. Watoto walitaka watu wagawiwe kitabu hicho Jumamosi, kwenye ibada ya kumkumbuka, lakini kamati ya kanisa ikashikilia kwamba kila anapotajwa aitwe marehemu, ndiyo heshima. Na Mwalimu hakuwahi kumwandika kwa jina lake. Alikuwa Mama Kipyego kitabu kizima.

"Nimejaribu kuliongeza neno hilo kwa kalamu," akaniambia. "Mwaka mzima, Nelima. Mkono unakataa."

"Wacha mimi, Mwalimu. Hiyo ni kazi ndogo."

Nikaandika skripti, yaani amri chache ambazo programu ya kuandikia inafuata yenyewe: tafuta Mama Kipyego, weka marehemu mbele, endelea. Nikaianzisha. Lo! Kila ikibadilisha mahali, inachora skrini upya. Kurasa zikawa zinaruka moja moja, na Mwalimu ameinamia kioo anasoma kila inaposimama. Aki nilichoka. Nikaikatiza, nikarudisha faili ilivyokuwa, kisha nikaongeza mstari mmoja juu: usichore skrini mpaka umalize.

Skrini ikatulia tuli. Mara ikaandika: mahali 214 pamebadilishwa. Sekunde mbili! Nikamgeukia nikingoja asante yangu.

"Imeisha?"

"Yote, Mwalimu."

Akasogeza stuli karibu. "Hebu nionyeshe siku ya harusi."

Nikaitafuta. Marehemu Mama Kipyego aliingia kanisani akicheka. Ukurasa uliofuata, marehemu alikuwa ananyonyesha. Mbele kidogo marehemu alikuwa kwenye shamba lao la Yamumbi, anapalilia mahindi na mtoto mgongoni. Woi, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Ningeiacha skrini ichore, ningeona upuzi huo mapema.

"Umemzika mara mia mbili," Mwalimu akasema, wala hakuwa na hasira, "na hakuna aliyekuwa anatazama."

"Nisamehe, Mwalimu."

Nikarudisha faili tena. Ule mstari nikaufuta, nikaweka mwingine: onyesha kila mahali, kisha ngoja jibu. Herufi N ni ndiyo, H ni hapana. Nikamsukumia kibodi.

Alisoma kwa sauti, kila mahali. Harusi, hapana. Mahindi, hapana. Siku ambayo Mama Kipyego alimfukuza mchungaji kwa kusifu chai ya jirani, Mwalimu alicheka mpaka akatoa leso, kisha akabonyeza hapana. Wateja walikuja, nikawaambia waketi. Mimi, jamani! Hata sikuangalia saa.

"Na kamati, Mwalimu?"

"Waje waniulize mimi."

Tukafika ukurasa wa mwisho, ule alioniletea baada ya mazishi. Skrini ikajichora, ikasimama: Sasa Mama Kipyego amelala upande wa juu wa boma, karibu na zizi.

Hakusoma kwa sauti. Alitazama kibodi muda mrefu, utadhani hajawahi kuiona.

"Ndiyo ni ipi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akaibonyeza mwenyewe.