Silabi Niliyoifuta

Mratibu wa mradi aliinua karatasi yangu ili watu wote waione, akasoma polepole: "Mlango uwe mbele, tuonekane." Kisha akawageukia vijana tisa waliobanana kwenye benchi la ukutani. "Haya ni maneno yenu. Mlango wa chumba cha ushauri tumewawekea mbele. Mwezi wa tano huu mshauri anakaa mle ndani anahesabu vigae. Mbona hamji?"

Mimi nilikuwa mwisho wa meza, kalamu mkononi, katibu wa kamati ya zahanati. Mwandiko ulikuwa wangu. Maneno yalitakiwa yawe yao.

Yule mratibu alikuwa na umri wa kitinda mimba wangu, lakini siku ya kwanza alitukalisha wazee kama wanafunzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, alituambia. Chumba cha ushauri ni cha vijana, basi wakipange wao. Akawatembeza kutoka langoni hadi dirisha la dawa, kila mmoja ajifanye ana shida asiyotaka mama yake aijue. Wakajenga zahanati ndogo kwa maboksi ya viatu, wakabishana, wakahamisha kuta, wakaandika mahitaji yao kwenye vikaratasi na kuvibandika ukutani. Mimi waliniita Mzee Kamusi, kwa sababu nilikuwa nawasahihisha hata wakipiga chafya.

"Mzee Kamusi," kijana mmoja mrefu aliniuliza, "kuchili kwa Kiswahili sanifu ni nini?"

"Ni uvivu," nikamjibu. Walicheka wote, isipokuwa mjukuu wangu, aliyeinamisha uso kwa aibu ya kuwa na babu.

Yeye ndiye waliyemchagua awe mwandishi wao. Alikuwa na miaka kumi na mitano, nikimlea mimi tangu mama yake alipokwenda kutafuta kazi mbali. Wiki zile alikuwa akila matonge mawili na kusukuma sahani. Nilidhani ni mitihani.

Jumapili mchana nilikaa mezani kunakili vile vikaratasi, ili fundi apate kitu kinachosomeka. Nilijua kusoma nikiwa na miaka ishirini na sita, kwenye masomo ya jioni, miguu ikiuma kwa kazi ya utarishi. Tangu hapo sentensi iliyoandikwa ovyo hunikera kama mchanga mdomoni. Nikaweka herufi kubwa palipostahili, nikatia nukta. Ndipo nikafika kwenye mwandiko ninaoujua, wenye herufi zilizolala kulia: "Mlango uwe uani, tusionekane."

Niliweka kalamu chini.

Miaka kumi na miwili niliingia ofisini kwa mlango wa uani, birika la chai mkononi, kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa wa wenye elimu. Siku nilipopandishwa kuwa karani wa masjala niliingia kwa mbele, nikatoka, nikaingia tena, nikijifanya nimesahau kitu nje. Leo damu yangu inaomba, kwa mkono wake mwenyewe, ipitishwe kwenye ndoo na mafagio? Nikaandika "mbele". Baada ya hapo neno lililobaki halikuhitaji zaidi ya kupunguzwa silabi moja. Tusionekane. Tuonekane. Nilisoma kwa sauti nikaona imekaa vizuri, na nikanywa chai nikiwa mtu aliyetenda wema.

Fundi alitoboa ukuta wa mbele, mkabala na benchi ambapo akina mama wa mtaa mzima hukaa kungoja dawa. Vijana walipouona mlango hawakulalamika. Walidhani wakubwa wamesikia ombi lao wakalikataa, kama kawaida. Mjukuu wangu peke yake alijua zaidi ya hapo, maana alijua alichokiandika na alijua nani alinakili. Mara mbili nilimkuta amesimama ng'ambo ya lango, amekumbatia mkoba kifuani, akilitazama lile benchi. Nilipomuuliza alisema anamngoja mwenzake.

Basi katika ule mkutano, vijana wote walimtazama mwandishi wao. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshatoa kauli: kama hakuna maelezo, chumba kiwe stoo ya magodoro na mshauri apelekwe kwingine. Sentensi moja ingetosha kukiokoa, na ilikuwa yangu kuisema. Nilikohoa. Watu wakanigeukia. Nikainama kutafuta kifuniko cha kalamu.

Nilipoinua kichwa, mjukuu wangu alikuwa ananitazama.

"Labda niliandika vibaya," akasema.

"We! Si uliandika u..." yule mrefu alianza. Mjukuu wangu akamkanyaga mguu.

"Haya, Katibu," mwenyekiti akasema. "Hilo liingie kwenye kumbukumbu, na chumba kiwe stoo."

Nikaliingiza. Niliandika kwa mwandiko safi: Vijana wamekiri kosa la uandishi. Nikatia nukta.

Tulirudi nyumbani pamoja, yeye akitembea upande wa magari. Tulipita gereji, tukapita shule ya msingi.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Niseme nini, Babu? Mbele ya watu wote wale?"

"Na yule mshauri, ulitaka kumwambia nini?"

Alihamisha mkoba kwenye bega la pili. "Yameshapita hayo."

Hayakuwa yamepita. Aliendelea kusukuma sahani mpaka mwaka ukaisha, na hadi leo, naye ana watoto wake, sijui yalikuwa yapi.

Asubuhi iliyofuata alikuja mlangoni kwangu na sare zake za shule, akapiga goti kidogo kama kila siku.

"Shikamoo, Babu."

Nilikuwa nimekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni. Alidhani sikumsikia, akarudia.