Nguzo Kumi na Mbili za Ghala

Siku kioo kikubwa cha kompyuta kilipobebwa kutoka mezani kwake kupelekwa kwa Atong, Kizza alijifanya anatafuta penseli. Kwa miaka tisa alikuwa mchoraji wa pekee katika karakana ya chuma ya Madam Jovia, pale Sherikat, mjini Juba. Minara ya matangi, mabanda, mapaa ya makanisa, yote yalipitia mkononi mwake kabla fundi hajashika msumeno. Sasa alibakiwa na kompyuta ndogo ya zamani na meza iliyoonekana pana kupita kiasi.

Atong alikuwa na miezi miwili tu kazini. Alikulia Eldoret, akasomea uhandisi huko, akarudi Juba na Kiswahili cha Kenya na mkoba mmoja. Tena alikuwa na adabu, jambo lililomuudhi Kizza zaidi, maana hakupata pa kumshikia.

Kilichompandisha Atong ni ghala la bandarini. Wahandisi wa Nairobi walilisanifu kwa programu yao, wakatuma modeli: nguzo, boriti na bolti, jengo zima likiwa limesimama ndani ya kompyuta. Karakana ilitumia programu nyingine, na programu hizo mbili hazikusikilizana. Desturi ya Kizza ilikuwa kuchapisha ramani na kulichora jengo upya, chuma kwa chuma, wiki tatu. Atong aliitoa modeli katika faili la kati ambalo programu zote mbili huweza kulisoma, akaiingiza upande wa pili, na kabla ya chai ya jioni Jovia alikuwa analizungusha ghala kwenye kioo huku na huku.

"Yala!" Jovia akapiga makofi. "Sasa wiki tatu zote tulikuwa tunafanya nini?"

Hakumtazama Kizza alipouliza. Hilo ndilo lililomchoma.

Jumatano Atong alimletea orodha ya vyuma iliyotolewa na programu. "Mzee, naomba uniangalilie hii kabla fundi Mukasa aanze kukata. Wewe unajua vyuma kuliko mimi."

Mzee! Na miaka yake arobaini na sita. Kizza alifungua ramani za Nairobi, akalinganisha mstari kwa mstari. Alipofika kwenye nguzo, penseli ikasimama. Ramani zilitaka nguzo kumi na mbili za kilo hamsini na nne kwa mita. Orodha ilisema kilo arobaini. Akaelewa papo hapo. Programu yao haikulitambua jina la chuma kile, basi ikachagua kingine kinachofanana nacho, kimo karibu sawa, upana karibu sawa, ila chembamba. Kwenye kioo jicho lisingeona tofauti. Akaizungushia namba ile duara.

Kisha kitu kikacheka ndani ya kifua chake. Akilini alimwona Atong ameinamisha kichwa kwa aibu. Alimwona Jovia anarudi mezani kwake, anauliza kwa heshima kama zamani, "Ssebo, wewe unaonaje?" Kosa lingejulikana lini na kwa njia gani, hakujiuliza.

"Iko sawa?" Atong akauliza alipopita.

"Iko sawa," Kizza akajibu, akaisukumia karatasi chini ya daftari lake.

Alhamisi alikaa na kompyuta yake ya zamani. Kila Atong na Jovia walipocheka, alijiambia: ngoja tu.

Ijumaa asubuhi msumeno ukaanza kulia uani. Mukasa, fundi mkuu, alikuwa rafiki yake. Walikuja pamoja kutoka Masaka, Uganda, kwa lori moja, na ndiye ambaye angepanda juu kufunga boriti za ghala. Kizza alimkuta na wenzake wakiigeuza nguzo ya nne.

"Leo chuma iko nyepesi," Mukasa akasema, akifuta jasho. "Huyu binti amehurumia mgongo yangu."

Akilini Kizza akamwona rafiki yake juu kabisa ya nguzo hizo, mguu hapa mguu kule, na upepo wa mvua ukija kutoka mtoni.

"Zima!" akapiga kelele. "Mukasa, zima mashine! Hii chuma si yenyewe."

Jovia akatoka ofisini, Atong nyuma yake. Kizza akaeleza kosa la programu mbele ya wote, ila hakusema aliliona lini. Jovia akamgeukia Atong, na maneno aliyomwambia yalikuwa makali kuliko hata yale aliyoyaota Kizza. Binti hakujitetea. Jovia akamshika Kizza bega. "Nilijua kwa nini nakaa na wewe miaka yote."

Alikuwa ameyangoja maneno hayo miezi miwili. Sasa hakujua aweke wapi macho.

Aliporudi ndani, Atong alikuwa amesimama mezani kwake, ile karatasi mkononi. Alikuwa amekuja kuitafuta nakala yake.

"Hii duara uliiweka Jumatano," alisema kwa sauti ya chini. "Na ukaniambia iko sawa."

"Niliona," Kizza akasema.

"Kwa nini, Mzee? Mukasa ndiye angepanda."

Angeweza kusema alisahau. Lakini macho ya binti yalikuwa makavu, hayakumpa mlango. "Mimi ilikuwa na wivu," akasema. "Mbaya sana."

Atong aliiweka karatasi mezani, akatoka. Hakwenda kwa Jovia. Kizza alikaa akisubiri aitwe, na alipoona haitwi, akainuka akaenda mwenyewe, akasema yote kwa Kiganda, lugha yao wote wawili, ili asipate pa kujificha.

"Kuanzia leo binti ni mkuu wa michoro," Jovia akasema. "Wewe utakagua chini yake. Ukitaka kwenda, nenda. Ukikaa, kagua."

Alikaa. Yeye na Atong walitengeneza jedwali la majina ya vyuma, ya kule Nairobi na ya huku, ili programu isichague tena yenyewe. Siku za kwanza Atong alimsemesha habari za kazi tu.

Ghala liliposimama, watu wa bandari walimpongeza Atong, wakampiga picha chini ya boriti. Wivu ukamshika Kizza tena, ule ule. Akaumeza, akamwendea Mukasa aliyekuwa anashuka ngazi, akampokea kamba.