Ngozi ya Chui kwenye Mkoba wa Mvinyo

Mume wangu Ignace ni fundi cherehani, na Jumamosi ile nilitaka kumnyonga kwa uzi wake mwenyewe. Niliingia chumbani kwetu hapa ugenini, mtaa wa Malvern, nikakuta sanduku liko wazi, na kile kipande cha ngozi ya chui alichoachiwa na marehemu baba yake hakimo.

"Ignace, ngozi iko wapi?"

"Nimeishona kwenye mkoba wa Madame Carmel," akasema, tena anatabasamu.

Carmel ni mteja wake. Anauza mikoba ya kubebea chupa za mvinyo. Nje ni turubai la kaki kama la mahema ya zamani ya wawindaji, na mikanda ya ngozi. Ndani kuna sponji na karatasi ya kung'aa, mvinyo ubaki baridi. Wenye pesa wa huku wanapenda kunywa huku wanakumbuka pori. Alimwomba Ignace ashone mmoja wa maonyesho, autie kitu cha pori la kwao. Sasa kwao, huko Walungu tulikotoka, chui ni wa mwami, yaani mfalme. Baba mkwe alimtumikia mwami mpaka akakatiwa kipande kile, na ukikiweka kwenye zawadi ya mtu umempa heshima ya ukoo mzima. Ndivyo Ignace alivyofikiri. Heshima!

"Wewe mwanaume, una akili? Hapa ngozi ya chui bila kibali ni jela! Na sisi ni wakimbizi! Watakufunga, halafu wakurudishe kule tulikokimbia risasi!"

Uso ulimbadilika. "Sikujua, Mama Victoire."

Carmel hakushika simu. Tukakimbilia soko analouzia, mimi mbele na ndala zangu za saluni, Ignace nyuma anahema. Niliomba Mungu njia nzima, katikati ya maombi nikamtukana Ignace, kisha nikaomba tena.

Mkoba ulikuwa mezani, mbele kabisa. Na aliyesimama mbele yake ni mwanaume wa sare ya kijani, beji ya wanyamapori begani, anapapasa yale manyoya kwa kidole gumba. Eish!

"Hii ni ngozi ya nini?" akamwuliza Carmel.

"Huyu hapa mke wa fundi!" Carmel alifurahi kuniona. "Mwulize yeye."

Nikacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi. "Ni mbuzi, afisa. Mimi ni msusi, nimeipaka madoa kwa rangi ya nywele."

Yule mtu hakucheka.

"Lakini fundi aliniambia ni chui," Carmel akasema polepole. "Ya baba yake, aliyemtumikia mfalme."

"Aa, wanaume!" Nikapiga makofi. "Maneno ya biashara hayo. Baba yake hakumwona mwami hata kwa mbali. Alikuwa mlevi tu wa kijijini."

Nilisikia pumzi ya Ignace nyuma yangu. Mwanaume huyu aliwahi kupigana na kaka yangu kwa neno moja tu juu ya baba yake. Akifungua mdomo, niliwaza, amekwisha, na mimi na mtoto tumekwisha.

Afisa akamgeukia. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo."

"Hii ni nini?"

Ignace aliitazama ile ngozi. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Mbuzi," akasema.

"Na baba yako?"

"Mlevi."

Afisa alitutazama wote wawili, kisha akaiachia ngozi.

"Mimi siuzi vitu bandia," Carmel akasema, uso umemwiva. Akachukua mkasi, akakata nyuzi, akakitupa kile kipande kwenye pipa la taka, juu ya vikombe vya kahawa. Afisa naye akanunua kahawa yake, akasimama palepale karibu na pipa, akawa anakunywa taratibu. Tulizungukazunguka tukijifanya tunaangalia vitu vya watu, tukimwomba Mungu aondoke. Hakuondoka. Mara likaja gari la taka, vijana wakalibeba pipa, wakalimwaga.

Hapo ndipo Ignace alipoanza kulia, nami nikamvuta mkono haraka ili afisa asimwone.