Matapishi ya Chura wa Pembe

Kila asubuhi, kabla ya kuwachemshia watoto maziwa, Cherotich alisafisha sanduku la kioo la chura. Alibadilisha maji, akageuza majani makavu, kisha akafuta matapishi. Chura huyo mnene, wa rangi ya jani lililooza, mwenye pembe juu ya macho, aliletwa kutoka misitu ya Asia na mwenye nyumba, Daktari, ambaye kazi yake ni kuainisha vyura. Ghorofa yao ya The Pearl, mtaa wa matajiri huku Uarabuni, ilinukia udi kila mahali isipokuwa hapo.

Chura alitapika majina. Tangu zamani wataalamu walikuwa wamempa jina, wakamnyang'anya, wakampa la rafiki yao, wakamhamishia jenasi nyingine, yaani kundi jingine la vyura, naye yote aliyameza. Sasa yalimtoka moja moja, laini kama maganda ya nyanya iliyochemshwa, herufi zikisomeka ndani ya ute. Yalinuka samaki aliyesahauliwa juani. Uchafu mtupu. Cherotich aliyatupa chooni, akanawa, na bado kinyaa kilimfuata hadi kwenye chai.

"Aliyempa jina hili la kwanza alimwona akiwa maiti ndani ya chupa," Daktari alimweleza. "Hakujua hata analia vipi. Lakini alitangulia kuchapisha. Lililotangulia ndilo halali, yaliyofuata tunayaweka kando."

Nyumba nayo iliendeshwa hivyo. Yaya wa kwanza, Mganda, aliitwa Jennifer. Watoto walimzoea, basi kila aliyemfuata akawa Jennifer. Cherotich alikubali akidhani ni mambo ya siku mbili tatu. Ijumaa moja, siku ya mapumziko na ibada huku, kanisani Mesaimeer, Kiprop wa kwao Kericho, anayelinda duka Abu Hamour, akamwambia, "Niaje, Jennifer?" Hakuwa akimtania; jina jingine hakulikumbuka. Jioni akampigia mama yake.

"Jennifer, mwanangu, umekula?" mama akauliza.

Mama huyohuyo aliyemwita Cherotich kwa kuwa alizaliwa ng'ombe wakirudi zizini. Cherotich alikata simu akalia. Alikuwa ametoka nyumbani na vitu vichache, na jina ndilo alilolipenda kuliko vyote.

Asubuhi iliyofuata, chura alitapika CHEROTICH.

Daktari alilishika kwa kibano, akaliinua kwenye mwanga.

"Si la spishi hii. Ni la nani?"

"Langu, Daktari. Nilipewa nikizaliwa."

"Nauliza hapa nyumbani. Lilikuja kabla ya Jennifer, au baada?"

"Baada."

"Basi liweke kando." Akalidondosha kwenye karatasi ya jikoni, akaenda kunywa kahawa.

Cherotich alilisuuza bombani, lakini ute haukutoka. Hakuwa na pa kulificha, maana Madam, mke wa Daktari, hupekua chumba chake. Akafumba macho, akalimeza. Lilishuka baridi, likiteleza na kukwama, nusura limrudi. Kisha akabandika maziwa jikoni, akampigia mama.

"Cherotich," mama alisema. "Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Ni chakula tu, mama. Kitashuka."

"Jennifer!" Madam aliita kutoka chumbani. "Nasikia harufu ya maziwa yakifurika."

"Nakuja, Madam," aliitikia. Papo hapo kitu chenye harufu ya samaki kikampanda hadi kooni, naye akazima jiko na kukimeza tena.