Shukrani za Jibini la Thiboutot

Saa nne kasoro kumi asubuhi, basi la wageni kumi na wanne lilisimama mbele ya shamba la kondoo la Normand Thiboutot, huko Kamouraska, katika jimbo la Québec, ng'ambo ya kusini ya mto mkubwa. Bi Ghislaine, aliyekuwa akiongoza misafara ya walaji kutoka shamba hadi shamba kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, aliwagawia mifuko ya plastiki ya kufunikia viatu, kisha akamsubiri hakimu mstaafu Gadbois amalize pai ya nyama aliyobeba kutoka shamba la kwanza.

"Mzee, acha nafasi tumboni. Hapa ndipo penyewe."

"Tumbo hili, bibi wee, halijawahi kufunga mlango."

Normand aliwapokea katika chumba cha kuonjea. Alikuwa mtu mkarimu, mwenye mikono mipana na masimulizi matamu: babu wa babu yake aliyevuka mto na kondoo sita, zizi lililoungua likajengwa upya kwa wiki tatu. Ukutani palikuwa na picha yake amevaa medali ya dhahabu aliyotuzwa kwa jibini lake. Alipomaliza kusimulia, akakata jibini.

Lilikuwa jibini la kusifiwa, na anayelisimulia hana haja ya kulipunja. Ukoko wake ulikuwa na rangi ya chungwa, ndani laini. Ulimini lilianza na utamu wa maziwa, likafuata tufaha, kisha chumvi ya upepo wa mtoni. Na mtu akishadhani limekwisha, likarudi na harufu ya majani makavu. Wageni walinyamaza. Bi Ghislaine alikipenda kimya kile kuliko makofi.

Mwanamke mmoja wa mji wa Sherbrooke ndiye aliyekuwa wa kwanza kumeza. "Asante, Odilia," alimwambia Normand.

"Normand."

"Najua, jina lako liko mlangoni. Asante sana, Odilia."

Wa pili alisema hivyo hivyo, na wa tatu. Hakimu Gadbois, ambaye kwa miaka thelathini alisoma majina ya watu mahakamani bila kukosea hata moja, alikohoa, akasimama wima. "Kwa niaba ya wenzangu, namshukuru mwenyeji wetu, Bwana Odilia." Alijaribu tena polepole, kisha akaketi. "Basi. Haliji jingine." Akaomba kitabu cha wageni ili aandike, kalamu nayo ikaandika Odilia, kwa mwandiko wake ule ule mzuri.

"Shukrani zina njia zake," alisema Bi Ghislaine. "Mwaka juzi ilikuwa hivi hivi kwa mwoka mikate mmoja. Ikabidi amlete mkewe, aliyekuwa akiikanda."

"Huyu Odilia ni nani?" hakimu aliuliza.

"Kibarua wetu," alisema Normand. "Anatoka Guatemala. Yuko nyuma, ana kazi nyingi."

Lakini wageni walikwisha kuinuka na kupanga foleni kwenye dirisha la chumba baridi, mahali jibini linapoivishwa. Odilia Xicay alikuwa ndani, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na mmoja mwenye kofia ya wavu, akigeuza jibini moja baada ya jingine. Kila moja aliligonga kwa kifundo cha kidole, akalitegea sikio. Huu ulikuwa msimu wake wa nane. Ni yeye aliyeanza kuosha ukoko kwa pombe ya tufaha, mwaka ule majibini yalipokuwa yakipasuka ovyo na Normand akitaka kuuza kondoo wote.

Odilia alifungua dirisha. Walipita mmoja mmoja.

"Asante, Odilia."

"Karibu, mama."

"Asante, Odilia."

"Karibu, mzee. Una jibini kidevuni."

Hakimu alijipangusa. "Na lile la juu kushoto, linakuambiaje?"

"Linasema bado. Rudi baada ya wiki tatu."

Alipomaliza kuwapokea wote, alivua glavu, akatoa karatasi mfukoni mwa aproni, akamnyooshea Normand aliyekuwa amewafuata wageni. "Bosi, kwa kuwa uko hapa."

Ilikuwa barua ya mistari miwili, ikisema kwamba Odilia Xicay ni fundi wa jibini. Akiwa nayo, angeweza kuomba kubaki nchini na kumleta binti yake, Marisol, mwenye miaka kumi na miwili. Bila barua hiyo alikuwa kibarua wa shamba, na kibarua hurudishwa kwao kila Novemba. Huu ulikuwa mwaka wa nne kuiomba.

Hakimu aliisoma. "Iko sawa. Inataka sahihi tu." Akatoa kalamu yake.

Normand hakuwa mtu mbaya, na alisema alichokiogopa. "Akiipata, watu wa Montréal watamchukua. Mimi nitabaki na nani?"

"Na picha yako," alisema mwanamke wa Sherbrooke.

Bi Ghislaine alimpa Normand kipande cha jibini. Normand hakuwa amelionja tangu daktari amkataze chumvi. Alilitafuna akiwa amefumba macho, kwa muda mrefu, na alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Asante, Odilia," alisema, na kila mtu aliona kwamba imetoka moyoni.

"Karibu, bosi. Na barua?"

"Mwakani," alisema Normand kwa upole.

Jioni ile, mjini Québec, wageni walikula katika mkahawa ambao jibini hilo lilikuwa kwenye orodha yake. Wa meza zote walimshukuru mhudumu kwa jina la Odilia. "Nitamfikishia," alijibu kila mara, huku akiondoa sahani.

Bi Ghislaine aliandika barua yake mwenyewe kwa ofisi inayohusika. Alijibiwa kwa adabu kwamba ni mwajiri peke yake anayeweza kutaja kazi ya mwajiriwa wake. Majira ya baridi Normand alilibadilisha jibini jina, akaliita Odilia, na kwenye karatasi ya kulifungia akaweka picha yake mwenyewe akiwa na medali. Liliwafurahisha watu hata zaidi.

Mwezi wa Aprili, akirudi kwa msimu wa tisa, Odilia alishuka uwanja wa ndege wa Montréal. Afisa wa uhamiaji, aliyekuwa amekula mkate na jibini hilo mchana, alimkabidhi kibali kipya. "Asante, Odilia," alisema, kabla hajatazama jina.

"Karibu, dada."

Alisogea pembeni, akatafuta mstari wa kazi. Uliandikwa kibarua wa shamba. Alimpigia simu Marisol kumwambia amefika salama, akamwuliza kama amekula, akamsikiliza akisimulia mtihani wa hesabu mpaka mwisho. Kisha akaenda kutafuta basi, maana kondoo walikuwa wameanza kuzaa.