Foili ya Rikke

Rikke Toftegaard alikuwa na chupa moja tu. Ndani yake mlikuwa na molekuli za chuma alizozihangaikia miaka mitatu kule Copenhagen, nyekundu kama juisi ya rosela. Zikipigwa na mwanga huvunjika, ndiyo maana aliivisha chupa foili kuanzia shingoni hadi kitakoni. Leo, ndani ya handaki la mashine ya eksirei kule Hamburg, leza ingezishtua na eksirei ingezipiga papo hapo. Jinsi eksirei itakavyotawanyika ndivyo itakavyojulikana chuma kimetikisika vipi. Bila vipimo hivyo hana shahada, na mkataba wake unaisha mwezi huu.

Aliiacha chupa mezani akaenda kukaza pampu ya kusukuma sampuli. Aliporudi, chupa ilikuwa uchi chini ya taa kali, na wekundu wote umegeuka manjano kama mkojo.

"Nani ametoa foili?"

Pembeni, Asger, aliyemtangulia kwenye kundi lao la utafiti, alikuwa akitafuna mkate mweusi wa samaki. Nusu iliyobaki aliifunga kwenye foili yenye doa jekundu.

"Asger! Hiyo foili ni yangu!"

"Foili ni foili, Rikke. Mkate ulikuwa unakauka, bwana."

"Na molekuli zangu je?"

"Si ungezifungia kabatini?" Akalamba kidole.

Gorm akaingia. Ni profesa, lakini kila mtu humwita Gorm tu, maana kwao wote ni sawa. Sawa yenye ghorofa, mmoja yuko juu na wengine wanamshikia ngazi. Akaitazama chupa. Akautazama mkate. Rikke alimwona akielewa kila kitu, na moyo ukamtulia kidogo. Masikini, alidhani kuona ni kutetea.

"Mwali wa eksirei hausubiri mtu," Gorm alisema. "Wekeni sampuli ya Asger."

"Gorm, si umeona mwenyewe?"

"Nimeona chupa yako. Na desturi unaijua: mwenye chupa ndiye mwenye keki."

Wakacheka wote. Katika kundi lile anayeharibu huleta keki, na anayelalamika huambiwa anajiona. Rikke akacheka nao.

Siku nzima akaambiwa asimamie pampu, kwa kuwa hakuna aliyeijua kama yeye. Sampuli ya Asger ikachuruzika bila kukatika, na kwenye skrini duara za eksirei iliyotawanyika zikazidi kung'aa. Rikke alilichukia kila tone, na kila lilipotaka kukwama, mikono yake mwenyewe ililikwamua.

Ijumaa, kule Copenhagen, akaleta keki ya lozi. Aliioka vizuri, hata kwa hilo hakujua kuharibu.

"Tamu!" Gorm alisema, makombo yakimdondoka kidevuni. "Kumbe ulikosea fani!"

Kicheko kikapasua chumba. Hakuna aliyetaja mkataba. Kwenye meza yake tayari palikuwa na koti la mtu mwingine.

Asger akasogea na sahani, kipande cha pili tayari tumboni. "Rikke, huna foili? Nataka kumpelekea mama kipande."

Rikke akafungua droo, akachana foili. Akakifunga kile kipande polepole, akakunja kingo moja baada ya nyingine na kuzibana kwa kucha, mpaka pasibaki tundu la kupenyeza mwanga.